Jiwe la Poni Ukutani mwa Boma

Boma la askari wa kale nje ya Koboko halikuwa na mwenyewe mpaka mwaka ule wa sabini na nne, waliposikika wageni wa serikali wanakuja kulitazama. Loo! Ndipo chifu Asuman, mwanajeshi mstaafu, alipogundua kwamba ukuta umejaa mapengo kama kinywa cha kibogoyo. Mawe yalikuwa majikoni mwa watu, tena ya kwake chifu yakiwemo. Akaamuru yote yarudi.

Watu wakarudisha huku wakinung'unika. Poni, mjane, akakataa. Lake lilikuwa jiwe la kusagia, lenye bonde lililochimbwa na mikono ya mama mkwe wake, na ya mama mkwe wa huyo. Mwanawe Lukudu alikuwa anakaribia kuoa, na katika ukoo wao mke hajawa mke mpaka asage unga wa kwanza juu ya jiwe hilo.

"Mama Lukudu, hii jiwe iko ya serikali," chifu alimwambia mlangoni.

"Serikali inasaga mtama?" Poni akamjibu. "Haya, chukua. Lakini ujue unabeba mama mkwe yangu."

Vijana wa chifu wakalibeba, wakalipachika kwenye kona ya ukuta iliyobaki fupi kama goti, bonde likielekea juu. Poni alilia, alilia hasa, akitazama pale sakafuni lilipokuwa. Wageni wakaja, wakazunguka boma, wakasifu, wakaenda zao. Poni akaenda kuliomba jiwe lake. Chifu akasema mali ya serikali haitoki.

Basi penye nia pana njia. Siku ya harusi Poni hakumpeleka mkwewe jikoni. Alimshika mkono Santina, akamwongoza hadi bomani, wanawake nyuma yao wakipiga vigelegele. Santina akapiga magoti ukutani. Viganja vyake vikaingia bondeni kana kwamba vimepimwa. Akaanza kusaga mtama waliokuja nao, unga ukimwagikia nyasi, na Poni machozi yakamtoka tena.

Chifu alikuja mbio na fimbo yake. Akasimama. Mkewe, Hawah, alikuwa miongoni mwa wapiga vigelegele, na jicho alilomtupia halikuwa la mchezo.

Chifu akavua kofia.

"Beba," akawaambia vijana wale wale.

"Na ukuta, afande?"

"Ukuta wacha na pengo yake. Mama mkwe hapana lala nje."