Uso wa Nondo

Ahadi ni deni, tunaambiwa tangu utotoni, lakini mchoraji mmoja alikuwa mwepesi wa kuahidi kama wengine walivyo wepesi wa kupiga chafya. Siku moja mama yake alikuwa akipekua kitabu cha katuni alichokichora mwanawe, akasema, "Umeipatia sura ya ndugu yako, mwanangu. Ila humu katulia mno. Natamani nimwone akitembea." Naye akajibu palepale, bila hata kuvuta pumzi, "Utamwona, mama. Kuna kampuni inamtengenezea mchezo wa kompyuta. Utamwona."

Huyo ndugu alikuwa Nondo, kitindamimba, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake na ugumu wa kichwa. Alipigwa risasi mtaani akitoka kazini, na aliyempiga hajulikani mpaka leo. Mama alikataa kuuona mwili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi hakuna aliyemlazimisha. Mchoraji yeye hakulia, alichora. Akamfanya Nondo shujaa wa usiku, koti refu, bunduki mkononi, akiwinda wauaji katika mji uliooza, na watu wakavipenda vitabu vile hadi kampuni ikaja kuomba ruhusa ya mchezo.

Sasa jamani, mchezo wa kupiga risasi kwa macho ya shujaa haumwonyeshi shujaa. Unaona mikono yake na mtutu, kwisha. Mchoraji alilijua hilo, akajipa moyo kwa vioo: mji mzima ungejaa vioo, Nondo apite na kujitazama. Lakini vioo viliuelemea mchezo, ukawa unakwamakwama, na fundi wa programu akaving'oa vyote. Mchoraji aliambiwa, akatikisa kichwa. Angemwambia nini mama?

Haya, siku ikafika. Mama akaketi mbele ya skrini katika ofisi ya kampuni, kavaa nguo zake za kutokea, akapewa kidude chenye vitufe. Mikono ya Nondo ikatokea, uchochoro ukafunguka mbele yake.

"Mbona naona mikono tu? Uso uko wapi?"

"Mama, sasa hivi wewe ndiye Nondo," fundi akamwambia kwa upole. "Unaona anachokiona yeye."

"Mimi ni mama yake, baba. Sitaki kuona anachokiona. Nataka kumwona yeye."

Njia ya kuuona uso ilikuwa imebaki moja tu, na mchoraji alikuwa akimwomba Mungu mama asiifikie. Wapi! Mama hajui kukimbia wala kujificha. Genge la wauaji likachomoza uchochoroni, risasi zikamiminika, na picha ikatoka machoni mwa Nondo, ikapanda juu, ikamwonyesha toka kichwani hadi miguuni, amelala chali kwenye lami.

"Zima!" mchoraji akapiga kelele. "Zima, bwana!"

"Usizime," mama akasema.

Maana Nondo hakuwa amekata roho bado. Aligeuza shingo taratibu, nyusi moja juu, akamtazama mama usoni, kisha akafumba macho. Mchoraji ndiye aliyeuchora mgeuko ule kwa mkono wake mwenyewe, wala hakujiuliza ameutoa wapi.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akigeuka nikimwita," mama akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Anzeni tena."

Wakaanza tena. Safari hii mama hakubonyeza chochote. Alikiweka kidude mapajani, akakunja mikono, akakodolea macho uchochoro ule mtupu.

Mchoraji akapiga magoti kando ya kiti chake, sasa analia kilio alichokiahirisha tangu msibani. "Mama, watamuua tena. Twende nyumbani, nakuomba."

Mama akamshika kichwa kwa mkono mmoja, macho yasibanduke kwenye skrini.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema. "Wanakuja sasa hivi."