Usingizi wa Saa Saba Mchana

Daktari alimpa Mama Kasuku mambo mawili ya kushika: vidonge visirukwe, na usingizi usiibiwe.

"Mtoto mwenye kifafa akikosa kulala, ni kama umeufungulia mlango ule ugonjwa," alisema. Mengine yote yalikuwa ya kuzungumza. Kwenda bustani ya michezo siku tatu? Waende. Yale madude yanayogeuza watu kichwa chini, hapana. Boti za kuporomoka, sawa, mradi mtoto akae katikati ya watu wazima wawili na awe amelala vizuri. Na kila siku saa saba mchana arudishwe chumbani alale saa mbili.

Mama Kasuku alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Binti yake alikuwa na miaka kumi, na jina la Kasuku alilipata kwa haki kabisa: alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hakunyamaza ila zile nyakati alipokamatwa na ugonjwa. Mara ya kwanza ilikuwa darasani, miaka miwili nyuma. Tangu siku hiyo mama alilala kitanda kimoja naye, kiganja juu ya mgongo wa mtoto, akisikiliza pumzi. Akigeuka, mama macho. Akikohoa, mama amekaa kitako. Wateja walianza kurudisha sketi zenye pindo zilizokwenda upande.

Safari ile Kasuku aliiomba kama zawadi ya kumaliza miezi sita bila kuanguka. Wakaenda watatu: mama, Kasuku, na mama mdogo wake, msusi mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, ambaye hakuwa na mtoto na alimpenda Kasuku kupita kiasi.

Siku ya kwanza Kasuku aliamka saa kumi na moja alfajiri. Mageti yalipofunguliwa saa tatu, alikuwa ameshachoka na hajui kama amechoka. Walipanda farasi wa mbao, wakapanda vikombe vinavyozunguka, kisha wakajipanga kwenye foleni ya boti. Zilikuwa boti nyekundu, zikivutwa taratibu hadi juu ya mfereji, halafu zinaachiwa. Watu walishuka wakipiga mayowe, wakatua bwawani, wakatoka wamelowa chapachapa huku wakicheka. Kasuku hakutaka kingine chochote duniani.

Foleni ilikuwa ndefu. Saa saba kasorobo walikuwa bado nusu ya njia.

"Tutoke," mama alisema.

"Mama, tumeshasimama saa nzima!"

"Najua. Saa ya kulala."

"Dada," mama mdogo alisema kwa sauti ya chini, "tumekuja kulala? Si vitanda tumeviacha nyumbani?"

Mama Kasuku alimshika binti yake mkono akamtoa foleni mbele ya watu, naye Kasuku akatoka analia kwa kwikwi.

Chumba chao kilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Dirisha hata likifungwa, muziki wa bustani ulipenya, na mayowe ya watu wa kwenye boti pia. Kasuku alilala chali, akafumba macho, akaanza kuvuta pumzi ndefu za mtu aliyelala. Mama, kwenye kiti, alijua anadanganywa. Pumzi za mtoto wake alizijua kuliko mishono ya cherehani yake. Lakini utamlazimishaje mtu kulala? Unaweza kumlazimisha kula, kuoga, kwenda shule. Usingizi hauna mahali pa kuushika uuvute.

Saa mbili zile zilipita hivyo, mmoja akijifanya amelala, mwingine akijifanya ameamini. Jioni wakarudi kwa muda mfupi, foleni ya boti imefungwa. Saa mbili usiku kidonge kimeshamezwa na taa imezimwa. Mama hakupata hata lepe la usingizi.

Siku ya pili asubuhi walikuta kamba imefungwa kwenye lango la boti. Mfereji unasafishwa, utafunguliwa saa nane mchana.

"Saa nane!" Kasuku alishika kichwa. "Saa nane mimi niko kitandani!"

"Tutakuja saa tisa, ukiamka," mama alisema.

"Saa tisa foleni itakuwa imefika hadi getini. Itafika saa ya kufunga sijapanda. Na kesho tunaondoka. Mama, leo tu. Nitalala mwezi mzima tukirudi. Nitalala hata shuleni."

Mama mdogo alicheka. Mama hakucheka. Alihisi ardhi inayumba kidogo, na taa za bembea zilikuwa na ukungu pembeni, jinsi vitu vinavyokuwa mtu asipolala siku nyingi. Alisema hapana. Akasema tena hapana. Kasuku akanyamaza kabisa, na kunyamaza kule kulimtisha mama kuliko kelele.

Saa saba walikuwa chumbani. Mama alipanda kitandani kando ya mtoto, akaweka kiganja mgongoni pake, akajiambia atafumba macho dakika moja tu kuyapoza. Akalala usingizi wa pono.

Alipozinduka, kiganja chake kilikuwa juu ya shuka tupu.

Aliita. Alitazama bafuni. Viatu vya Kasuku havipo. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Alipiga simu ya mdogo wake, na simu ikalia humo humo chumbani, juu ya meza, kwenye chaji.

Alitoka bila viatu, akavuka barabara bila kutazama. Dereva mmoja alimtukana, hakusikia. Getini alitakiwa kuonyesha tiketi, tiketi alikuwa ameiacha. "Mtoto wangu yuko ndani, mgonjwa," alisema, na mlinzi alipomtazama usoni akampisha.

Ndani, bustani nzima ilikuwa imejaa watoto wenye magauni ya njano kama la Kasuku. Alimshika mmoja bega, akageuka mtoto wa watu. Akamwomba radhi mama yake huku anakimbia. Ndani ya kichwa alikuwa anahesabu: jana alilala saa ngapi, juzi saa ngapi, leo mchana hata moja hajalala. Hesabu haikutoka vizuri kwa njia yoyote. Alijisemea, ukimkuta amesimama, hutamgombeza. Ukimkuta amesimama, hutasema neno.

Hakumkuta amesimama.

Kwenye foleni ya boti, karibu kabisa na lango, watu walikuwa wamefanya duara. Kasuku alikuwa chini, mwili umekakamaa na kutikisika, macho yamegeuka. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia kwa nguvu zote kama anayetaka kumzuia asitikisike. Mwanamume mmoja alikuwa na kijiko mkononi.

"Kitoe hicho!" mama alipiga kelele. "Usimtie kitu mdomoni! Mwachie, mdogo wangu, mwachie!"

Alimgeuza mtoto ubavu. Alivua kitambaa chake cha kichwani akakikunja chini ya shavu lake. Akawaambia watu warudi nyuma, na walirudi.

"Imeanza lini?"

"Sijui. Dada, sijui."

"Dakika ngapi?"

"Labda moja. Moja na nusu. Dada, nisamehe."

Mhudumu wa boti, kijana mwenye redio ya upepo kifuani, alisema ameshaita watu wa huduma ya kwanza. Mama alitazama saa ya kijana yule kwa sababu yeye hakuwa na saa. Dakika moja. Walikuwa wamefundishwa kwamba zikipita tano ni hatari. Dakika mbili. Boti zilikuwa bado zinaporomoka, na watu walioko juu hawakujua lolote, walikuwa wanapiga mayowe ya furaha. "Kasuku, mama yuko hapa," alikuwa akisema. "Mama amelala kidogo tu, sasa yuko hapa." Dakika ya tatu, nesi wa bustani akaja na kisanduku. Alikuwa anavaa glavu wakati mtetemeko ulipoanza kupungua, ukawa wa hapa na pale, ukaisha. Kasuku akavuta pumzi ndefu, nzito, yenye mkoromo.

Pumzi ile mama aliijua. Hiyo haikuwa ya kudanganya.

Walimpeleka kwa machela kwenye chumba cha huduma ya kwanza, chumba chenye kitanda kimoja na pazia la kijani. Nesi alimpima, akazungumza na daktari wao kwa simu, akasema mapigo yako sawa na aachwe alale. Ikitokea tena, gari la wagonjwa liko tayari. Kasuku akalala. Ule usingizi waliouhangaikia siku mbili ndio huu sasa, umekuja kwa mlango wa nyuma.

Mama Kasuku alimgeukia mdogo wake. Alikuwa ameahidi hatamgombeza mtoto. Kwa mdogo wake hakuwa ameahidi kitu.

"Umemtoa kitandani."

"Ndiyo."

"Nilikwambia mara ngapi? Ungetaka nikuandikie ukutani?"

"Dada, alikuja kuniamsha yeye." Mama mdogo alikuwa anafuta pua kwa mkono wa blauzi. "Nilimwambia rudi ulale. Akasema, mama amelala. Akasema, tazama, anakoroma. Akasema hajawahi kukusikia unakoroma tangu alipougua. Akaniambia, mama mdogo, nikibaki humu nitajigeuza na yeye ataamka. Twende nje ili alale."

Mama alikaa chini, sakafuni, kando ya kitanda.

"Alitaka boti pia," mama mdogo akaongeza, kwa sababu hakuwa mtu wa uongo. "Sitakuficha. Lakini alianza na hilo."

Mama Kasuku akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia akiwa ameshika mguu wa binti yake ndani ya soksi, na mdogo wake akaja akakaa naye chini pale pale.

Kasuku aliamka jioni. Maneno yalimtoka mazito, moja moja.

"Nilipanda?"

Hakukumbuka. Mama mdogo aliinama haraka, uso umejaa tabasamu. "Ulipanda, mwanangu! Ulilowa hadi..."

"Hukupanda," mama alisema. "Ulikuwa karibu. Watu wawili tu walikuwa mbele yenu."

Kasuku alitazama dari. Machozi yakamshuka pembeni, yakaingia masikioni. "Wawili," alisema. "Wawili tu."

Usiku huo mama mdogo alikisogeza kiti karibu na kitanda na kumwambia dada yake, "Leo nakaa mimi. Nionyeshe pumzi mbaya inakuwaje." Mama alimwonyesha. Kisha alilala, kwa vipande, akiamka na kumkuta mdogo wake amekodoa macho kama mlinzi wa benki.

Siku ya tatu waliachana na saa ya kuamka. Walipotoka ilikuwa karibu saa tano, na basi la kurudi lilikuwa saa kumi. Mama alimuuliza Kasuku anataka nini, kitu kimoja.

Wakaenda kwenye boti. Foleni ilikuwa fupi. Lakini yule mhudumu mwenye redio alimtambua Kasuku kabla hawajafika kwenye ngazi, akanyanyua mkono.

"Samahani sana, mama. Aliyeanguka jana siwezi kumpandisha leo. Ni kanuni, na hata isingekuwa kanuni, nisingeweza."

Mama hakubishana. Moyoni alijua kijana yule amesema alilotakiwa kusema yeye mwenyewe.

"Umemwambia wewe!" Kasuku alimgeukia.

"Sijamwambia. Alikuwepo."

"Nimechoka! Nimechoka kulala! Kila kitu lala, lala, lala!"

"Na mimi nimechoka kukulinda!"

Lilitoka kabla hajalizuia. Mama mdogo alishika mdomo. Mama mwenyewe alibaki amesimama, akitamani alimeze tena. Kasuku alimtazama kwa muda. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini kulikuwa na kitu kingine sasa, kama mtu aliyesikia jambo ambalo alikuwa anajua siku nyingi.

"Najua," alisema. "Unakuwa na macho mekundu."

"Sijachoka na wewe."

"Najua, mama."

"Nitakuja kwenu siku tatu kila wiki," mama mdogo alidakia. "Nitalala na mtoto mimi. Saluni nafungua saa nne, nina nafasi. Na saa ya kulala ikifika nitamlaza, dada, naapa, hata akinililia."

Mama Kasuku alimwangalia mdogo wake. Bado hakuwa amemsamehe, na hakujua itachukua muda gani. Ila aliitikia kwa kichwa, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa.

Walichopanda siku ile, baada ya kula, kilikuwa kitreni cha watoto wadogo, kinachozunguka bustani ya maua kwa mwendo wa kobe. Magoti ya mama mdogo yaligusa kidevu. Kasuku alikaa amenuna mzunguko wote wa kwanza. Mzunguko wa pili, kibibi kimoja kilichopakata mjukuu kilimuuliza mbona ana mchubuko mbichi kwenye kiwiko.

Shuleni Kasuku alikuwa akisema amejikwaa. Mama alijiandaa kumjibia.

"Nilianguka jana, pale kwenye boti," Kasuku alisema. "Nina kifafa. Nikikosa kulala kinanishika. Hakiambukizi, bibi, usisogee."

Bibi hakusogea. Alimuuliza kinaumaje. Kasuku akaanza kueleza, mikono hewani, maneno yakimtoka kwa kasi, na mjukuu akaacha kunyonya kidole ili asikilize. Mama alitazama saa ya kituo cha treni walipopita. Ilikuwa saa saba na dakika tano. Alifungua mdomo kusema, akaona mzunguko umebaki mmoja, akaacha umalizike.