Muuaji Aliyeitwa Fundi Badru

Leodegar ana banda la video Keko. Filamu za kigeni huzitia sauti ya Kiswahili mwenyewe, na wahusika huwapa majina ya watu wa mtaani ili watazamaji wacheke.

Mwezi wa Machi alipata filamu iliyosifiwa sana huko ilikotoka. Mpelelezi mwanamke anamsaka mtu aliyeua wanawake saba. Risasi hazilii. Muda mwingi mpelelezi hukaa peke yake, akijaribu kufikiri kama anavyofikiri muuaji. Leodegar aliona watu watasinzia. Muuaji alipotokea akipiga mbao randa, Leodegar alisema kwenye kipaza sauti, "Huyo hapo, Fundi Badru!"

Banda zima lilicheka. Badru hutengeneza vitanda upande wa pili wa barabara.

Siku ya nne Bi Adelina alifika kwa Badru. Alikuwa ameagiza kitanda cha harusi ya binti yake, na kilibaki kupakwa vanishi tu.

"Fundi, hicho kitanda tukiache kwanza."

"Kina kasoro?"

"Hakina."

Alipoondoka, Badru alivuka barabara.

"Shikamoo, mzee," Leodegar alisema.

"Sitaki shikamoo yako. Nitoe kwenye hiyo filamu."

"Aa, mzee wangu, si utani tu? Nani asiyejua kwamba hujawahi kuchinja hata kuku?"

"Wanajua. Lakini kitanda cha harusi kimekataliwa leo. Kesho nani ataagiza kingine?"

"Basi muuaji nitamwita Ismail, yule kinyozi."

"Ismail naye ana kazi yake na familia yake. Mwite Leodegar."

"Mie tena?"

"Kwani sauti inayosema humo ni ya nani?"

Leodegar alikuna kichwa, akakubali.

Jumamosi alirudia filamu ile, banda limejaa. Muuaji aliposhika randa, Leodegar alitaja jina lake mwenyewe. Watu walicheka kuliko mara ya kwanza, wengine wakigonga mabenchi. Baada ya hapo hakuongeza mzaha. Mpelelezi aliponyamaza, naye alinyamaza, na hakuna aliyesinzia.

Jumatatu Bi Adelina alirudi kuchukua kitanda.

"Sikuamini hata siku moja, fundi. Ila wakwe ningewaambia nini? Watoto wangeimba jina lako mpaka mlangoni kwa bibi harusi."

Badru alikuwa ameshakipaka kitanda vanishi. Alimwita Leodegar aje kubeba. Walikiinua kitanda, huyu mbele na yule nyuma, wakaelekea kwenye guta la mizigo lililosubiri nje.

"We muuaji, shika vizuri!" muuza mihogo alipaza sauti. "Usije ukatuulia fundi wetu!"

Leodegar alishika vizuri.