Kiti cha Mbele

Ndege ile, ukiirusha peke yako, hukai mbele. Unakaa nyuma. Hilo si suala la heshima wala la mazoea. Ni suala la mizani. Kiti cha mbele kiko karibu mno na injini, na mtu aliye peke yake akikikalia, pua inaelemewa; breki ikikanyagwa kwa pupa, panga za rafadha zinabusu ardhi. Kwa hiyo rubani asiye na mwenzake husafiri mchana kutwa akitazama mgongo wa kiti kitupu.

Mwalimu alikuwa amefundisha fizikia mpaka akastaafu, na hakuwa na ugomvi na mizani. Ugomvi wake ulikuwa na kiti chenyewe. Kilikuwa chake. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikaa pale mbele na ramani mapajani, mumewe akiwa nyuma yake. Leseni alikuwa nayo, na mumewe ndiye aliyemfundisha. Lakini hata siku alizoirusha yeye, aliirusha kutoka mbele, mume akiwa nyuma amekunja mikono. Kisha masika moja moyo wa mume ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Tangu siku hiyo Mwalimu alikuwa ameirusha ndege mara chache, kutoka kiti cha nyuma, na kila mara alishuka na baridi ambayo haikuwa ya upepo.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa na hoteli upande wa pili wa nchi. Alipiga simu.

"Shemeji, ndege inaozea bandani bure. Mimi nitaitundika ukumbini, juu ya mapokezi. Kila anayeingia ataiona, atauliza, na kaka atatajwa."

"Itaingiaje mlangoni na mabawa yote yale?"

"Tunayatoa, tunayapunguza kidogo. Seremala ameshapima."

"Mkiyakata haitaruka tena."

"Na sasa hivi anairusha nani, shemeji? Sema kweli."

Aliitafuta kweli yenyewe na kuikuta haimsaidii. Akakubali, kwa sharti moja: ataipeleka mwenyewe, kwa njia ya hewa. Shemeji akacheka. "Haya. Ukishatua tu, kazi yako imekwisha. Na kile kiti cha mbele nitakikalia mimi kuiaga. Nakijua kile! Kila likizo kaka alinipandisha, tangu hajaoa mpaka mmeshaoana. Nimetapika humo kuliko mtu yeyote."

Aliondoka alfajiri. Ilikuwa ndege nyepesi, ya vyuma vyembamba vilivyovishwa kitambaa na kupakwa vanishi, kongwe kuliko yeye mwenyewe, na mwendo wake haukuwa wa kujivunia: upepo ulipovuma kutoka mbele, malori ya barabarani yalimwacha. Kipimo cha mafuta kilikuwa waya uliosimikwa juu ya boya lililoelea tangini, ukichungulia nje mbele ya kioo. Waya ukizama, mafuta yanapungua. Hapakuwa na la kuharibika hapo, ndiyo maana mume aliupenda.

Enzi za mumewe, huko angani waligawana kazi kama watu wengine wanavyogawana jikoni na ua. Aliyekaa mbele alisoma ramani na kuulinda waya. Aliyekaa nyuma aliangalia injini. Kelele haikuruhusu mazungumzo, na mume hakuwa mtu wa maneno hata palipokuwa kimya. Alikuwa na ishara moja tu. Wiki ya kwanza ya ndoa alimwambia: "Nikikugonga bega la kulia, egemea kushoto. Unanizibia saa ya oili." Saa hiyo, kipimo chenye mshale, ilikuwa mwisho wa ubao wa vipimo, upande wa kulia, na oili ndiyo damu ya injini. Basi akawa akigongwa bega, naye akiegemea kushoto. Aligongwa juu ya mito na juu ya reli, asubuhi kweupe na chini ya mawingu, hata mwili ukazoea kuegemea kabla akili haijapata habari.

Wakati wa matanga, wifi yake alimwuliza mbele za watu marehemu alikuwa akimwambia nini huko juu, wawili peke yao. Mwalimu alijibu ukweli: "Alikuwa akiniomba nisogee." Watu walicheka kidogo, kwa kiasi kinachoruhusiwa msibani.

Alasiri hewa ilibadilika. Mawingu yalishuka, na chini ya mabawa mashamba yalikwisha, ukaanza msitu wa kupandwa, miti imesimama kwa mistari kama wanafunzi paredi, bila uwazi wa kutandika hata mkeka. Hapo sauti ya injini ikaanza kushuka. Haikukatika, ilipungua, kama mtu anayesimulia kisha akaanza kusahau majina.

Mwalimu alijua mara moja ni nini. Hewa yenye unyevu ikinyonywa kwa kasi hupoa, na maji yake huganda yakawa barafu kooni mwa kabureta, hata kama nje hakuna baridi ya kumtetemesha mtu. Alilifundisha hilo miaka mingi, kwa mchoro wa chaki. Dawa yake ni kuvuta kishikio cha hewa ya moto. Alijua yote hayo, akatazama ramani, akautazama waya, akasubiri.

Injini ikashuka zaidi. Vilele vya miti vilianza kuonekana kimoja kimoja. Aliendelea kusubiri, kwa utulivu wa mtu ambaye zamu si yake, na ndege ilikuwa imepoteza kimo cha jengo la ghorofa kadhaa ndipo alipotambua kwamba anayesubiriwa ni yeye.

Kishikio kilikuwa pale pale kando ya paja lake la kushoto. Akakivuta. Injini ilikohoa, ikatema maji, ikatikisika mpaka kioo kikalia, kisha ikakaa sawa. Alipanda taratibu. Miguu yake ilikanyaga pedali huku na huku, na mkia wa ndege ukawa unacheza kushoto na kulia kama wa mbwa anayeomba radhi.

Alitua kwenye kiwanja kidogo baada ya msitu. Pampu ya mafuta ilikuwa mikononi mwa mwanamke mnene wa makamo, ufunguo umening'inia kiunoni kwa kamba. Marubani walimwita Mama Mafuta, naye aliitika.

"Karibu, dada. Mwenzako yuko wapi? Amelala huko mbele?"

"Niko peke yangu."

"Peke yako? Mbona umekaa nyuma kama abiria wa teksi?"

Mwalimu akaeleza habari ya mizani. Mama Mafuta alisikiliza huku akimimina, jicho kwenye waya unaopanda.

"Kumbe ndege nayo ina wivu," akasema. "Mmoja akiondoka, nafasi yake hairithiwi."

Usiku alilala katika chumba cha wageni nyuma ya ofisi. Kulikuwa na vitanda viwili vya chuma, sinki lenye ufa, na dirisha linalofungwa kwa msumari. Alichagua kitanda cha ukutani. Asubuhi aligundua kuwa hata begi hakuliweka kwenye kile kingine. Alikuwa ameliweka sakafuni.

Mama Mafuta alikuja kumsaidia kufungua kamba za mkia. Alizunguka ndege mara moja, akasimama.

"Dada, nina ombi. Miaka yote nazinywesha hizi, lakini makalio yangu hayajawahi kugusa kiti hata kimoja. Niache nikae kidogo tu. Usiwashe."

Akapanda mbele, kwa juhudi na vicheko. Mwalimu alipanda nyuma ili amwonyeshe usukani na pedali. Alikuwa amekwisha kufumbua mdomo aeleze, jicho likaenda kwenye ubao wa vipimo.

Saa ya oili ilikuwa inaonekana.

Ilionekana yote, katika nafasi iliyobaki kati ya bega la Mama Mafuta na ubavu wa ndege. Mshale ulikuwa kwenye sifuri kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa, lakini tarakimu zilisomeka zote, na hata jina la kiwanda lililofifia. Na Mama Mafuta alikuwa na upana wa Mwalimu mara mbili.

"Kaa wima," alisema Mwalimu.

"Nimekaa wima. Mwili huu wima wake ndio huu."

"Egemea kushoto."

"Haya."

"Rudi. Sasa jinyooshe, kama unatafuta kitu mbele."

"Kwani unanipima suti?"

Mshale haukujificha hata mara moja. Mwalimu alimshukuru. Mama Mafuta aliteremka akisema kwamba sasa anaweza kufa, ila asife wiki hii kwa sababu lori la mafuta linakuja.

Safari ya siku ya pili ilipita juu ya nchi kavu, yenye barabara moja na vivuli vya mawingu. Injini ilinguruma sawasawa. Mwalimu alilitazama jambo lile kama alivyowafundisha wengine kutazama: kwanza yale yanayoweza kulivunja. Pengine mumewe alikuwa na macho mabovu. Hapana, alisoma vibao vya barabarani kabla yake. Pengine kiti kilikuwa kimeinuliwa zamani. Hapana, skrubu zake zilikuwa zile zile za kiwandani. Pengine yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kukaa kulia. Hilo hakuweza kulikanusha, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuuona mgongo wake angani isipokuwa mmoja.

Lilibaki jibu moja, nalo halikuhusu oili bali bega. Lilikuwa jibu linalopendeza, na kwa sababu hiyo hasa hakuliamini. Pengine mumewe alimgonga kila mwenye kukaa pale, kwa wasiwasi wa oili tu, na ndivyo alivyokuwa. Jaribio la mtu mmoja si jaribio. Akawaza ni nani mwingine aliyewahi kukikalia kiti kile, injini ikiwaka, mumewe akiwa nyuma. Alikuwa mmoja tu, naye alikuwa akimngojea na msumeno.

Akainua mkono, akaunyoosha mbele, akaushusha pale ambapo bega la kulia lingekuwa. Ulishuka mpaka kwenye kitambaa cha kiti, na kiti hakikusogea.

Alitua mchana. Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni ya kiwanja, na kando yake mafundi wawili, ngazi, spana zilizopangwa juu ya gunia. Shemeji alikuja mbio kadiri kitambi kilivyomruhusu.

"Shemeji! Umefika salama! Wallahi sikulala. Nimemwambia mke wangu, huyu mama akipotea, ukoo mzima utanila nyama." Akawageukia mafundi. "Haya vijana, anzeni na mabawa."

"Ulisema utakikalia kiti," alisema Mwalimu. Hakuwa ameshuka.

"Sasa hivi? Si tukanywe kwanza chai?"

"Sasa hivi. Hatuendi popote."

Alipanda, akijikunja na kuguna, na springi za magurudumu zikaguna naye. Mgongo wake ulijaza ndege. Mwalimu akatazama kulia: saa ya oili haikuwepo tena. Bega la shemeji lilikuwa limeifunika yote.

"Zamani ulikuwa mwembamba," akasema.

"Nani, mimi? Muulize mama yangu. Nimezaliwa hivi hivi. Kaka aliniita Gunia." Alipapasa ukingo wa mlango. "Hapa, hapa ndipo nilipokuwa natapikia."

Mwalimu akaunyoosha mkono na kumgonga bega la kulia.

Shemeji akageuza kichwa. "Unasemaje?"

Akamgonga tena.

"Nini, shemeji? Kuna mdudu?"

"Kaka yako hakuwa akikugonga hivi? Mkiwa juu?"

"Anigonge kwa nini?"

"Usogee. Aione saa ya oili."

"Aa, wapi!" Shemeji alicheka, na ndege nzima ikacheka naye. "Alikuwa anachungulia tu pembeni, shingo ndefu kama twiga. Mimi ndiye nilikuwa nauliza, kaka, nisogee? Ananipigia kelele: kaa, kaa, naona."

Nje, fundi mmoja alikuwa ameegemeza ngazi. Alishika spana, akatazama bawa la kulia, akatazama la kushoto, kisha akachungulia mlangoni kwa adabu.

"Mama, tuanze na lipi?"

"Subirini."

"Tusubiri nini?" aliuliza shemeji. Alijaribu kugeuka, kiti kikamzuia, akabaki ametazama mbele, kule waya wa mafuta ulikotulia katikati ya kimo chake. "Shemeji? Wasubiri nini?"

Mkono wa Mwalimu ulikuwa bado begani kwake. Aliuondoa, akauweka pajani. Hapakuwa na wa kumwona alivyokaa pale nyuma, wala hapakuwa na aliyemgonga. Lakini alikuwa ameegemea kushoto.