Upande wa Juu wa Gitaa

Okwara alilishusha gitaa kutoka kwenye lori, akalilaza juu ya meza yetu ya kurandia, na kabla hajalitoa lote kwenye gunia nilikuwa nimeshaiona mikwaruzo. Ilikuwa myepesi, ya kwenye vanishi tu, haikufika kwenye mbao. Lakini ilikuwa upande wa juu wa tundu, karibu na uzi mnene, mahali ambapo mkono wa mpigaji wa kawaida haupiti. Chini, ambako magitaa mengine yote huchubuka, palikuwa pazima kabisa.

Mwenye gitaa alikuwa akiligeuza na kulipiga kwa mkono wa kushoto, na mimi nilimjua mtu mmoja tu wa namna hiyo.

"Mwenyewe yuko Jinja," Okwara akasema. Alikuwa dereva, mtu wa Bukhayo, na pale Malaba tulimjua kwa honi yake. "Amesema nilete kwa Mzee Emuron, si kwa fundi mwingine. Mtoe hiyo mikwaruzo yote, isibaki hata moja. Mimi nikitoka Nairobi nachukua."

Emuron alikuwa baba yetu. Mwenyewe alikuwa kaka yangu Omagor.

Sisi Wateso tukikaa kwenye chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu, mrija hushikwa kwa mkono wa kulia. Kuushika kwa kushoto mbele ya wazee ni kuwatukana. Na Omagor alizaliwa hivyo, wa kushoto. Alipokuwa mdogo baba aliufunga mkono ule kwa kamba ya katani, akamkemea, akamchapa, na mkono ukabaki vilevile. Siku moja baada ya mavuno, Omagor akiwa tayari na ndevu zake, alijisahau akaudaka mrija kwa kushoto, wazee wote wakitazama. Baba alimpokonya, akauvunja, akamwambia aende akatafute watu wanaokunywa kama yeye. Omagor akavuka daraja kwenda Uganda jioni ileile. Malaba ni mji wa wavukaji. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Kwa hiyo mwaka ule wa sitini na sita nilipoliona gitaa, nilielewa. Mafundi Jinja wamejaa tele. Omagor alikuwa anamuuliza baba kama bado anataka mkono ule ufutwe. Baba akiifuta mikwaruzo na kuliacha gitaa liende zake, basi mambo ni yaleyale, na kaka yangu hatakanyaga tena nyumbani.

Nikamwambia baba amtumie Omagor neno kupitia Okwara, hata neno moja tu. Akanijibu kwamba kazi ni kazi. Halafu akaninyang'anya unyoya wa kuku. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana kazi ya vanishi ilikuwa yangu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake.

Mikwaruzo ya namna ile haina haraka. Unachovya ncha ya unyoya kwenye vanishi, unadondosha ndani ya mkwaruzo, unasubiri. Ikikauka inabonyea, unaongeza tena, unasubiri tena. Kusubiri huko kulinitesa. Nilifagia karakana iliyokwisha kufagiwa. Nilitoka barabarani kuyatazama malori, nikarudi, nikamkuta baba ameinama vilevile, pua karibu iguse mbao. Chakula kilinishinda. Nikamwambia, kwa ukali ambao binti hapaswi kuwa nao, kwamba anamfukuza mwanawe mara ya pili.

Baba aliniagiza msasa, ule mkuukuu uliokwisha makali, kwani mpya ungeleta michubuko mingine. Baadaye akanituma kwa mchinjaji nikamletee pembe ya ng'ombe. Nilidhani anataka mpini wa patasi. Akaichemsha mpaka karakana nzima ikanuka, akaipasua, akaibana kati ya mbao mbili. Nikamwona ni mtu asiye na moyo, anatengeneza mipini wakati kama huo. Nikaenda kukaa kwa jirani.

Honi ya Okwara iliponirudisha mbio, gitaa lilikuwa limeshafutwa kwa kitambaa laini, linang'aa. Mikwaruzo haikuwepo hata mmoja. Nilitaka kulia.

Ndipo nikaiona pembe. Kibao chembamba cha kukinga vanishi na kucha za mpigaji, cha rangi ya chai, kimekatwa mfano wa jani na kugandishwa upande wa juu wa tundu, palepale mikwaruzo ilipokuwa. Upande wa chini baba hakuweka kitu.

Okwara alicheka. "Mzee, hapa umekosea. Hii kitu inawekwanga chini."

"Mpelekee hivyohivyo," baba akasema. "Mwambie apige. Hapo hapachubuki tena."

Tangu siku hiyo sikutulia. Kila lori lililofunga breki nilichungulia, mpaka matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wakaanza kunitania kwamba namtafuta mchumba. Wimbi likapandwa, likavunwa. Ndipo Omagor akashuka kwenye lori la Okwara, amekonda, gitaa mgongoni. Baba alimsalimia kama mtu aliyetoka sokoni, kisha akalichukua gitaa na kuipapasa ile pembe. Ilikuwa imekwaruzwa yote. Vanishi iliyoizunguka ilikuwa salama.

Jioni wazee wakaja. Chungu kikawekwa katikati, mimi nikawa naongeza maji ya moto. Omagor aliketi karibu nami, na nikaona ameukalia mkono wake wa kushoto, ameubana chini ya paja usije ukamponza. Akanyoosha wa kulia. Mrija ukamwendea kombo, ukagonga ukingo wa chungu, na wazee wakageuka.

"Omagor," baba akasema, "kunywa na mkono wako."

Mzee mmoja alikohoa. Hakuna aliyeondoka. Kaka yangu akautoa mkono chini ya paja, akajaribu kuushika mrija, vidole vikakataa kukunjika. Mkono ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaliwa. Ikabidi nimshikie mimi mrija mpaka damu irudi.