Ng'onda za Ghorofa ya Nne

Varsha Meher aliteremka kwenye behewa la wanawake pale stesheni ya Vasai mbavu zikiwa zimembana na mguu umekanyagwa, hamu yake yote ikiwa chai. Alifanya kazi benki mjini Mumbai, na kila siku iliisha hivyo. Karibu jengo zima waliishi hivyo. Wenzake walihamia pale kwa sababu mjini hata banda la kuku halishikiki bei. Varsha na mama yake, Hirabai, hawakuhamia. Jengo ndilo lililowafuata: ghorofa nne zilisimamishwa juu ya kiwanja chao cha kivuvi, nao wakapewa nyumba moja ya juu kabisa badala ya ardhi.

Alipoingia langoni alimkuta mama yake amechuchumaa penye pikipiki, anaokota samaki vumbini. Walikuwa bombil, samaki wembamba wenye meno makali, aliowaanika juu ya paa tangu asubuhi.

"Mama, kulikoni?"

"Katibu wenu wa jengo. Kawatupa toka juu."

"Bwana Pitale? Kwa mikono yake?"

"Kwa ufagio. Mikono yake haigusi samaki, yule."

Varsha alihisi uso unamchoma. Wiki iliyopita Pitale alimsimamisha ngazini, akamwambia wanunuzi wanapanda wameziba pua, na bei za nyumba zitaporomoka kwa ajili ya ng'onda zao. Varsha akaona haya. Akapanda juu akamwambia mama yake, "Siku hizi ng'onda zinauzwa dukani, mama." Sasa aliyajutia maneno yale.

Aliinama, wakaokota pamoja mpaka karai likajaa. Kisha akalibeba, mkoba wa kazini bado begani, akaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa chini. Wenye nyumba walikuwa wamekaa na dalali, wanapanga namna ya kulipendezesha jengo.

"Dada Varsha, tuna mkutano," alisema Pitale.

"Najua. Na mimi nina nyumba humu." Akalitua karai mezani, juu ya matangazo ya dalali yaliyopambwa kwa picha ya ufuko. "Hebu tusomeeni hapa. Si mmeandika 'hatua chache toka baharini'? Mnaiuza bahari, halafu mnaifagia?"

Dalali akajikohoza. "Dada yangu, mteja anataka upepo wa bahari. Harufu hataki."

"Basi mwambie anunue feni!"

Kicheko kilimtoka Shobha wa ghorofa ya pili, aliyekuwa akipanda behewa moja na Varsha kila asubuhi. Mumewe akamkata jicho. Shobha akazidi kucheka.

Pitale alisimama, kijasho kinamtoka. "Unajua unajishushia bei wewe mwenyewe? Nyumba yako imo humu humu!"

"Bei ni ya anayeuza, bwana Pitale. Sisi tunakaa."

Wakapiga kura. Mikono ikainuka, wa mumewe Shobha ukiwamo. Wa Shobha ulibaki mapajani. Kuanika paani kukakatazwa, na kesho yake mlango wa paa ukatiwa kufuli.

Jumapili iliyofuata Hirabai alirudi toka ufukweni na samaki wabichi, kapu tele. Mama na binti wakafunga kamba kibarazani kwao, upande wa barabarani, peupe. Varsha alikuwa amesahau namna ya kuwafunganisha samaki wawili wawili kwa taya ili waning'inie. Meno yao yakamtoboa vidole, mama yake akamcheka.

"Vidole vya kompyuta hivyo! Shika hapa, chini ya shavu. Enhe."

Mchana dalali alifika na wateja garini. Wakatazama juu, wakateta kidogo, gari likageuza. Pitale akatoka nje anapiga kelele.

Hirabai akachungulia toka juu. "Hawa ukitaka kuwafagia, panda mpaka ghorofa ya nne, ubishe hodi kwanza!"

Hakupanda. Ila tangu siku ile nusu ya jengo hawakuitikia tena salamu zao, na hilo, kusema kweli, liliwauma.

Jumatatu, behewani, msichana mmoja alinusa hewa. "Nani kabeba samaki?"

"Hakubebwa," alisema Varsha, akishika chuma cha juu waziwazi. "Ni mikono yangu. Tulianika jana."

Msichana akajisogeza pembeni. Shobha akaichukua nafasi ile, akakaza mkoba kwapani, akauliza, "Wanakauka lini?"