Vidole Vitano vya Alamin

Kila asubuhi kabla ya kunywa chai, Alamin alichukua kijiko na kukwaruza ukingo wa kikombe mara mbili, taratibu. Hiyo ilikuwa M, ya Mastura. Naye Mastura, akiwa bado jikoni na kanga begani, alijibu kwa mwiko juu ya sufuria: pigo moja fupi, mkwaruzo mmoja mrefu. A, ya Alamin. Ndipo wakaketi na kula mahamri yao kimya, maana walichotaka kuambiana walikuwa wameshaambiana.

Asubuhi hiyo kijiko hakikulia. Mastura alingoja, mwiko mkononi, mpaka maziwa yakafurika na kumwagikia makaa. Alipochungulia, akamwona mumewe anatazama ukuta, mkono wa kulia juu ya meza, na vidole vyake vitano vinacheza bila sauti. Viwili vya kwanza juu, vitatu chini. Kisha viwili chini, vitatu juu. Kisha vilevile tena.

"Unafanya nini?"

Alamin aliuvuta mkono chini ya meza kama mtoto aliyekutwa kwenye kopo la sukari.

"Si kitu. Nimechelewa." Akachukua kofia, akatoka bila hata kuonja chai.

Wote wawili walikuwa watu wa haya. Alamin alikuwa mpiga telegramu pale posta ya Nakuru, na alipokuwa mpangaji kwa ami yake Mastura, huko mtaa wa Bondeni, ndiye aliyemfundisha alama za Morse, mapigo mafupi na marefu ya kupelekea telegramu, wakati Mastura alipokuwa hapo likizoni kutoka chuo cha ualimu. Posa ilipelekwa kwa wazee kama ilivyo ada. Lakini swali lenyewe Alamin alimwuliza yeye kwanza, kwa kugonga ukuta wa mbao uliotenganisha vyumba vyao, na yeye akagonga jibu huku moyo unataka kumtoka. Tangu siku hiyo, maneno mazito yalipita kwenye kijiko, kwenye meza, kwenye fremu ya dirisha. Kwa mdomo, hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake kwamba anampenda.

Kwa hiyo Mastura alifanya alichozoea: akajaribu kuvisoma vile vidole. Kidole kilichoinuliwa akakifanya alama fupi, kilicholala akakifanya ndefu. Fupi mbili na ndefu tatu: katika Morse, hiyo ni tarakimu ya mbili. Ndefu mbili na fupi tatu: saba. Mbili, saba, mbili, saba.

Saa mbili posta hufunguliwa. Saa saba ni chakula cha mchana, na siku hizi Alamin haji nyumbani mchana. Kazi imezidi, husema.

Alipokuwa anafunga mlango kwenda shuleni, jirani yake Safiyo alimsimamisha.

"Mwalimu, umeamkaje? Jana nilikwenda posta kumpelekea mdogo wangu telegramu. Yule msichana wa Kihindi aliyeletwa kutoka Nairobi na ile mashine mpya ya telegramu, ni mzuri, eh?"

"Sijamwona."

"Basi kamwone. Wanachezeana vidole na mumeo pale kaunta. Nilidhani wanahesabu kitu. Lakini, mwanangu, mtu anayehesabu hacheki namna ile."

Darasa la pili walifanya hesabu za mbili na saba asubuhi nzima, mpaka mtoto mmoja akauliza kama tarakimu nyingine zimepotea. Kengele ya mchana ilipolia, Mastura alijifunika vizuri na kushika njia ya mjini, upepo wa ziwani ukimrushia vumbi la magadi machoni. Afadhali vumbi. Mtu akimwuliza, macho yake yalikuwa na sababu ya kuwa mekundu.

Posta kulikuwa na foleni. Alisimama nyuma ya mzee mmoja mwenye koti la jeshi, akachungulia kwenye wavu wa kaunta. Msichana alikuwa na nywele zilizosukwa msuko mmoja mrefu mgongoni. Ameweka mkono mezani, vidole vingine juu vingine chini. Alamin ameweka wake karibu yake.

"Hapana, kaka! Gumba limelala tena!" Msichana alicheka, na Alamin naye akacheka, mdomo wazi, meno yote nje. Mastura hakujua kwamba mumewe ana jino lililovunjika kule nyuma. Mwaka mzima wa ndoa, na jino hilo ameonyeshwa huyu.

"Mama, sogea mbele au utoke kwenye foleni," mtu alimwambia kwa nyuma.

Akasogea.

"Karibu, dada," msichana alisema. "Stampu ya senti ngapi?"

 Mkono wa Mastura ndio uliosema. Kwa pete ya ndoa akagonga na kukwaruza ubao wa kaunta: mbili, saba.

Msichana alitazama pete, akamtazama Alamin. "Kaka, huyu dada anagonga nini?"

Hakujua Morse. Hakujua hata herufi moja.

Alamin alikuwa ameshasimama. "Ni mke wangu, Bi Parvin." Akamgeukia Mastura, akiongea kwa kunong'ona. "Mbili na saba gani?"

"Vidole vyako. Asubuhi."

 Alamin aliokota utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, akauingiza chini ya wavu. "Si tarakimu. Ni M na A. Mama. Ndilo neno la kwanza la kujifunza. Kila herufi ina nafasi tano kama vidole, zote sawa, hakuna fupi wala ndefu; kidole kikilala ni tundu. Penye tundu mashine inapeleka mlio mmoja, pasipo tundu mlio mwingine. Haihitaji tena mkono wa mtu kugonga. Asiyeweza kusoma utepe kwa haraka atapelekwa kubeba mifuko ya barua. Nimeshindwa jaribio mara mbili, Mastura. Wewe huwaambia watu mumeo ana mkono mzuri kuliko wote kwenye laini ya telegramu. Ningekuambiaje?"

Bi Parvin aliinamia stampu zake kwa bidii kubwa.

"Mama," yule mtu wa nyuma alisema, "na sisi je?"

Mastura aliinua pete, ikabaki hewani juu ya ubao. Foleni nzima ilikuwa inamwangalia. Akaushusha mkono kando yake.

"Nimeona wivu," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Na hata sasa naona, kwa sababu yeye anazijua alama hizi nami sizijui. Nakupenda, Alamin. Beba mifuko ukitaka. Lakini nifundishe na mimi."